Kibishi na Diski Iliyokataa Kuonekana

Kitendawili, wajukuu zangu! Ndani yake mna maua mengi yasiyonyauka, lakini hata ukiipasua kwa shoka huoni jani moja. Ni nini?

Haya, jaribuni. Nani amesema bustani? Bustani hupasuliwa kwa shoka, mwanangu? Na wewe wa nyuma unasema yai. Yai lina maua wapi? Mmeshindwa. Basi nipeni mji. Haya, nimeupokea, nimekaa, nimekula, nimekunywa maji, sasa nawajibu: ni diski ya kompyuta ya fundi mmoja wa kutarizi nguo. Kisanduku cha chuma hicho, unaweza kukishika kwa mkono mmoja, na ndani yake alihifadhi maua yote aliyopata kuyachora. Siku moja kisanduku kilikataa kuonekana. Sikilizeni ilivyokuwa.

Fundi huyo alikuwa na binti wa miaka kumi na miwili. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa zuri, lakini mtaa mzima ulilisahau, ukamwita Kibishi. Ukimwambia leo kuna jua, alikuuliza ni jua gani unalolisema. Ukimwambia atulie, alikuuliza kwani ametikisika lini. Mwalimu wake alisema mtoto huyo atakuwa wakili au atakuwa usumbufu, na kwamba bado hajui ni kipi kitatangulia.

Kibishi alipotoka shule hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mama yake, chumba kimoja chenye dirisha pana lililotazama barabara. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, akaketi kwenye kigoda chake. Kazi yake ilikuwa kukata nyuzi zilizoning'inia nyuma ya nguo, kujaza uzi kwenye bobini na kufagia vumbi la pamba. Pembeni yake aliketi shangazi yake, aliyeshona vifungo na kuzungumza. Kwa kweli alizungumza kuliko alivyoshona.

Katikati ya chumba ilisimama cherehani ya kutarizi. Hiyo haikuendeshwa kwa miguu. Iliunganishwa na kompyuta. Mama alichora ua kwenye kompyuta kwa subira, mshono mmoja baada ya mwingine, kisha cherehani ikalifuata ua lile kwa sindano, kama mtoto anayefuatisha herufi za mwalimu. Ua la kwanza mama alilichora akiwa na mimba ya Kibishi. Tangu hapo alichora ndege, majani, nembo za shule na majina ya maharusi. Wiki hiyo alikuwa akitarizi nembo kwenye sare za wauguzi wanafunzi waliokaribia kuhitimu. Michoro yote ilikuwa ndani ya diski ile moja.

Mama alikuwa na sheria zake karakanani. Uzi ukikatika katikati ya kazi, alisema, "Badilisha kimoja, kisha jaribu. Ukibadilisha sindano na uzi kwa mpigo, utapona lakini hutamjua mwizi." Sheria nyingine ilihusu vumbi. Kwa kuwa vumbi la pamba huingia kila tundu, aliishonea kompyuta kava la kitambaa kizito, akalitarizi maua ya njano.

"Kompyuta ina gauni zuri kuliko langu," shangazi alilalamika.

"Kompyuta haichelewi kazini, wifi," mama alijibu. "Nawe ukianza kuwahi, nitakushonea."

Sasa niwaambieni na jambo la nyumbani kwao, maana ndilo lililozaa balaa. Nyumbani walikuwa na runinga ya zamani, ile yenye kisogo kikubwa. Picha yake ilipoanza kutetemeka, dawa ilikuwa kofi. Si kofi la ovyo. Lilikuwa na mahali pake, ubavuni, chini kidogo ya katikati, na nguvu yake ilipimwa. Baba alipiga, runinga ikanuna. Mama alipiga, ikanuna zaidi. Lakini Kibishi akipiga mara moja tu, paa! Picha hiyo, safi kama maji ya mtungi. Wageni walipokuja kutazama mpira, walisema, "Mwiteni daktari," na Kibishi akaja akitembea kwa madaha.

Alasiri moja mama alitoka kwenda kununua uzi wa buluu. Shangazi alisimama nje akizungumza na jirani. Kibishi alibaki peke yake, naye alitaka sana kumwona ndege mpya ambaye mama alikuwa akimchora. Akakaa kwenye kiti cha mama, akabonyeza mchoro. Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye skrini. Kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka.

"Nawe umeanza kununa?" Kibishi aliiambia kompyuta.

Akafunua kava, akautafuta ubavu, chini kidogo ya katikati. Paa!

Bati jembamba la ubavuni lilibonyea ndani, likarudi. Kiduara kikaganda. Kisha skrini ikawa nyeusi, na baada ya muda ikatoa maandishi meupe yaliyosema kwamba hakuna diski iliyopatikana.

Kibishi akaizima, akaiwasha. Maandishi yakawa yale yale. Akarudisha kava taratibu, akalinyoosha mikunjo, akaenda kwenye kigoda chake, akaanza kukata nyuzi za nguo ambayo nyuzi zake zilikwisha kukatwa.

Mama aliporudi na kuona maandishi yale, aliketi kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Alizima, akawasha. Akazima tena.

"Iombee," shangazi alishauri kutoka mlangoni.

"Wifi, nyamaza kidogo." Mama alipapasa kava, akalikuta lina joto. Akalivua polepole. "Nimeiua mwenyewe," alisema. "Nimeivisha nguo nzito kama mtoto mchanga, joto likaiua. Maua yangu yote. Hata lile la kwanza."

Hapo Kibishi alifungua mdomo. Msichana ambaye hajawahi kukosa neno alilitafuta neno moja tu, akalikosa. Akaufunga tena.

Kesho yake, Kibishi alipotoka shule, alimkuta fundi wa kompyuta karakanani. Watu walimwita Bisibisi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila bisibisi mfukoni. Wengine walisema hulala nayo. Alikuwa mtu mwepesi wa maneno, mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi.

"Kabla sijafungua mgonjwa, nauliza maswali ya daktari," alisema. "Kuna mtu aliyeiangusha kompyuta hii? Aliyeigonga? Aliyeisogeza?"

"Hakuna," mama alijibu bila kufikiri. "Iko hapo hapo tangu niinunue."

Bisibisi akamtazama shangazi. Shangazi akaapa kwa jina la marehemu bibi yake. Bisibisi akamtazama Kibishi. Kibishi akatazama bobini.

"Sawa," alisema Bisibisi. "Basi si ajali."

Akafungua bati. Ndani kulikuwa na vumbi la pamba kama kiota cha ndege, naye akalifagia kwa brashi ndogo. Akauchomoa ule waya mwembamba bapa unaopeleka habari kutoka kwenye diski, akauchomeka tena kwa nguvu. Akawasha. Hakuna diski. Akaweka sikio juu ya kisanduku kile.

"Inazunguka, naisikia," alisema. "Inapumua lakini haijibu."

Akatoa kwenye mkoba wake diski mpya, ikiwa na waya wake mpya ndani ya mfuko. Akaifunga mahali pa ile ya zamani, akawasha. Mara kompyuta ikaandika kwamba imeiona diski, tena haina kitu ndani.

"Mnaona?" alisema. "Mpya imeonekana papo hapo. Kompyuta ni nzima. Iliyokufa ni diski ya zamani. Pole sana, mama. Vilivyokuwa ndani vihesabu vimekwenda."

Mama hakulia. Alikunja lile kava la maua ya njano mara mbili, mara nne, mpaka likawa kijidonge mikononi mwake. Kibishi aliona afadhali angelia.

Bisibisi aliichukua diski ya zamani ili aitie katika mkoba wake wa vyuma chakavu. Haikufika. Kibishi aliruka kutoka kigodani, akaidaka, akaibana kifuani kwa mikono miwili.

"Hii haijafa!" alisema.

"Binti, mpe fundi," alisema mama.

"Simpi."

"Nimesema mpe!"

"Mama, utanisamehe, leo simpi. Akiondoka nayo atang'oa sumaku zilizomo ndani na kuvunja vilivyobaki. Haijafa!"

"Ala! Mtoto huyu amekula nini leo?" shangazi alimaka, vifungo vikimwagika miguuni pake.

Bisibisi alivua miwani, akaipangusa kwa shati. "Mwanafunzi, kazi hii naifanya tangu hujaota meno."

"Nimeshaota sasa."

"Kibishi!" mama alifoka. Aibu ilimjaa usoni.

"Mwache, mama," alisema Bisibisi. "Nimuulize swali moja. Wewe unajuaje kwamba haijafa?"

Kibishi alisikia masikio yake yakiwaka moto.

"Najua tu," alisema.

"Kujua tu si kujua. Unajuaje?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Kibishi alimtazama mama yake na kile kijidonge cha kitambaa. Basi akafanya anachokifanya mbishi yeyote akibanwa: badala ya kujibu swali, akauliza lake.

"Fundi, ulipoweka diski mpya, ulibadilisha vitu vingapi?"

"Kimoja. Diski."

"Na waya?"

Bisibisi alifungua mdomo ajibu, kisha akageuka, akatazama ndani ya kompyuta. Waya wa zamani ulikuwa umelala mezani. Ule mpya ndio uliokuwa ndani.

Kibishi hakumpa nafasi ya kupumua. "Mama, uzi ukikatika, tunabadilisha vingapi?"

Mama alisita. Hakupenda kumwunga mkono mtoto mbele ya mgeni, lakini sheria ilikuwa yake mwenyewe. "Kimoja," alisema. "Kisha tunajaribu."

"Kwa nini?"

"Ili tumjue mwizi."

"Fundi amebadilisha viwili kwa mpigo, halafu kwa haraka akamfunga diski jela. Je, kama mwizi ni waya?"

Shangazi akapiga makofi mara moja, akajikumbuka, akaacha.

Bisibisi alijikuna kidevu. "Waya hauharibiki ukiwa umetulia," alisema. "Niliuliza kama kuna kilichogongwa, nikaambiwa hakuna. Ndiyo maana sikuushuku." Lakini alikuwa tayari ameinama, akiifungua diski mpya. "Haya, wakili. Tukubaliane. Nitaunganisha diski ya zamani kwa waya mpya. Ikikataa, unanipa bila vita?"

"Ninakupa. Ikikubali?"

"Ikikubali, nitakuomba radhi hapa hapa, mbele ya shangazi yako."

"Mbele ya shangazi ni sawa na kutangaza redioni," alisema Kibishi, na kwa mara ya kwanza siku ile mama alikaribia kutabasamu.

Alimkabidhi fundi diski, lakini hakubanduka. Alisimama begani pake, akihesabu kila alichokigusa. Hakugusa kingine chochote. Diski ya zamani, waya mpya. Akawasha.

Skrini ikawa nyeusi. Kiduara kikatokea, kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikaendelea kuzunguka. Kibishi aliurudisha mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akaushika kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayemzuia mbuzi asiingie shambani.

Kisha, bila kishindo, yakatokea maua. Safu ya kwanza, safu ya pili, majani, ndege, nembo za shule, nembo za wauguzi. Pembeni kabisa alikuwapo yule ndege mpya, bado hana bawa moja.

Mama alisogea, akagusa kioo cha skrini kwa kidole. Akashuka mpaka safu ya mwisho, akakuta ua dogo lenye petali zisizolingana, ua la mtu anayejifunza. Hapo ndipo machozi yakamtoka.

"Lipo," alisema. "Lipo hapa."

Shangazi alipiga vigelegele mpaka mwenye duka la jirani akachungulia kuuliza nani ameolewa.

Bisibisi aliinua waya wa zamani, akaugeuza dirishani kwenye mwanga. Alibonyeza kichwa chake kidogo cheusi, na ufa ukafunguka kama mdomo. "Nawaonyesha mwizi," alisema. "Na si joto, mama, wala kava lako halina kosa. Joto lingeuyeyusha. Huu umevunjika. Kichwa chake hukaa karibu na bati la ubavuni. Bati likibonyezwa kwa nguvu, linaubana na kuupasua."

Akasimama wima, akamgeukia Kibishi, akainamisha kichwa. "Wakili, niwie radhi. Nilikuwa na haraka, nikabadilisha viwili kwa wakati mmoja. Ningeondoka na maua ya mama yako ndani ya mkoba wa vyuma chakavu."

"Nimekusamehe," alisema Kibishi, lakini sauti yake haikuwa na ushindi.

"Diski hii mpya msiirudishe," Bisibisi aliendelea, akimwambia mama. "Nitaifunga pembeni ya ile ya zamani, tuhamishie nakala ya kila kitu. Mali yote kuiweka kwenye chungu kimoja ni kumtega nyoka kwa kidole. Na jambo la pili nawaambia wote watatu, maana naliona kila siku. Mashine haina mdomo. Mdomo wake ni ninyi. Nilipouliza kama imegongwa na nikaambiwa hapana, nililifunga dirisha lile la mawazo, nikapotea njia. Mgonjwa akimficha daktari alichokula, daktari humpa dawa ya ugonjwa mwingine. Wahenga walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuvunja kitu si mwisho wa dunia. Waya ni kitu cha kubadilisha kwa dakika moja. Kinachoua ni kunyamaza."

Aliyasema hayo huku akikaza skrubu, bila kumtazama mtu yeyote. Labda hakujua. Labda alijua, mafundi wa kweli husikia mengi kwa kugonga bati.

"Lakini huyu mtoto!" alisema shangazi, akimkumbatia Kibishi kwa mkono mmoja na kuokota vifungo kwa mwingine. "Ameota, nawaambia. Ana akili ya kuzaliwa. Ukoo wetu huo, si wa upande wenu, wifi. Mimi nami nilikuwa hivi hivi."

"Akifunga shule namchukua awe mwanafunzi wangu," alisema Bisibisi.

Wote walimtazama Kibishi, wakicheka. Ilikuwa sifa tele, tena ya bure, imewekwa mbele yake kama sahani iliyojaa. Alichotakiwa ni kunyamaza tu na kula. Kesho mtaa mzima ungekuwa umesikia: Kibishi aliyemshinda fundi. Hata jina la utani lingebadilika.

Mama peke yake hakucheka. Alikunjua kava lake, akalitandaza magotini, akalipangusa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, sauti aliyoitumia alipotunga uzi kwenye tundu la sindano.

"Mwanangu, fundi alikuuliza swali, nawe hukulijibu. Ulijuaje?"

"Si nimesema? Ni akili ya—" alianza shangazi.

"Hapana, shangazi," alisema Kibishi.

Aliutoa ule mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Akainua kidevu, kama afanyavyo kila anapokwenda kubisha, isipokuwa safari hii aliyekuwa akibishana naye alikuwa ni yeye mwenyewe.

"Nilijua haikujifia yenyewe, kwa sababu niliipiga kofi, mama. Jana, ulipokwenda kununua uzi. Ubavuni, chini kidogo ya katikati."